Jirani wa Shabaha Namba Saba

Koti la shangazi yangu hutundikwa nyuma ya mlango wa duka lake la udobi, na kila mteja mpya huuliza ni la nani. Ni koti nene la turubai, lina viraka vya ngozi kwenye viwiko na bega la kulia, na mikanda ambayo haieleweki inafunga nini. Siku moja bwana mmoja aliyefuata suti yake alikabidhiwa koti hilo kwa makosa. Akaenda nalo mpaka kwake, akalirudisha kesho yake likiwa limekunjwa vizuri.

"Mama, nililijaribu," alisema kwa heshima, "lakini nilishindwa kushusha mikono."

"Ndivyo linavyotakiwa," shangazi akamjibu. "Ukiweza kushusha mikono, basi halijakubana."

Ni koti la kulala kifudifudi na kupiga shabaha iliyoko umbali wa mita mia tisa. Shangazi ana miaka hamsini na kitu, ana wajukuu, ana goti moja linalolalamika kila anapoinama kwenye beseni, na huo ndio mchezo wake.

Bendera ndizo zilizomwingiza mchezoni. Uwanja wa klabu ya shabaha uko nje ya mji, kwenye bonde refu linaloishia kwenye kilima. Kutoka wanapolala wapigaji hadi zilipo shabaha kumepangwa nguzo zenye bendera ndefu kama mashuka, nyekundu na njano, za kuonyesha upepo. Maana risasi inayokwenda umbali huo hukaa hewani muda wa kutosha mtu kusema "haya, twende zetu," na muda wote huo upepo unaisukuma. Kaupepo ka kutikisa majani tu kanaweza kuitoa katikati ya shabaha na kuipeleka ukingoni. Bendera hizo zilipochafuka zililetwa kwa shangazi. Alizifua mwaka mzima akidhani ni za shule.

Siku moja gari la klabu liliharibika, akazipeleka mwenyewe. Huko akamkuta msimamizi wa uwanja, mwanamke aliyestaafu polisi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Wote humwita Sajini.

"Nyie mnazifanyia nini hizi bendera?" shangazi akauliza. "Zinarudi kama zimetoka vitani."

"Lala hapo uone," Sajini akamwambia, akimwonyesha mkeka.

Shangazi akalala. Anasema kitako cha bunduki kilimgonga bega, na baada ya muda kidogo, kule mbali, ile karatasi kubwa ya shabaha ikashushwa na watu waliomo handakini, ikapanda tena ikiwa na kidude cheupe mahali risasi ilipopita. Si katikati, lakini ilikuwa kwenye karatasi. Alicheka kwa sauti. "Niliona kama mkono wangu umerefuka," huniambia mpaka leo.

Kitu kingine alichokipata uwanjani ni jina, na aliyempa ni shemeji yake.

Huyo ni mdogo wa mume wake, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa mabega mapana na maneno mengi. Alikuwa mpigaji hodari kabla shangazi hajajua hata upande wa kuingizia risasi. Katika shindano la kwanza la shangazi walilala mkeka kwa mkeka. Sasa, shabaha husimama safu moja, kila moja na namba yake chini, na kutoka mita mia tisa zinafanana kama mayai kwenye trei. Mpigaji hutoa jicho kwenye tundu la kulengea, hutazama bendera, huzungusha kijigurudumu cha kufidia upepo, kisha hurudisha jicho. Na jicho halina adabu, mara nyingine hurudi kwa jirani. Siku hiyo shangazi alipiga risasi nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, katikati kabisa, kwenye shabaha ya shemeji yake. Kwa sheria za klabu, hiyo ni sufuri.

"Ahsante, jirani!" shemeji akapaza sauti, uwanja mzima ukasikia.

Tangu hapo akawa Jirani. Kila wakilala mstarini, shemeji humgeukia na kuuliza, "Jirani, leo umeniletea nini?" Shangazi akajiwekea desturi. Kabla ya kila risasi hutaja namba yake kwa sauti: "Saba. Saba yangu." Ikiwa amepewa ya tatu, "Tatu. Tatu yangu." Watu walimcheka, baadaye wakazoea, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Mwaka huu klabu ilikuwa inapeleka watu wanne kwenye mashindano ya taifa. Watatu walishajulikana. Nafasi ya nne ingekwenda kwa shangazi au kwa shemeji yake, kulingana na duru ya mwisho. Shemeji alishakwenda mara kadhaa. Shangazi naye alishakwenda mara kadhaa, lakini kama mtu wa akiba: hubeba chupa za chai, hufua bendera, hukaa kwenye benchi amevaa koti lake, asiitwe. Mara ya mwisho alirudi na koti halina hata punje ya vumbi. Alilifua hivyo hivyo, akalianika. Mume wake aliyekuwa anapiga pasi alimtazama, akaongeza moto wa pasi. Yeye si mtu wa maneno. Wateja wapya hudhani ni bubu.

Siku ya duru ya mwisho tulifika na mawingu. Upepo ulikuwa unaingia bondeni kwa fujo: bendera za karibu zinaelekea kulia, za katikati zimelegea, za mbali zinaelekea kushoto. Shangazi alisimama, mikono kiunoni, akizitazama kama mashuka ambayo mtu mwingine ameyaanika vibaya.

"Ile ya tatu msiiamini," aliwaambia wote. "Nimeitia pindo la kitambaa kizito, ilikuwa inachanika. Inachelewa kuinuka."

"Mmesikia?" shemeji akadakia. "Ameishona bendera idanganye watu! Sajini, andika malalamiko yangu."

"Nitaandika kwamba una maneno mengi," Sajini akajibu. "Wapigaji, laleni!"

Shangazi alipewa saba, shemeji nane. Mume wake na mimi tukakaa nyuma ya mstari, kwenye viti vya plastiki, yeye na mwavuli, mimi na darubini ndogo niliyokuwa naipangusa kila dakika kwa sababu manyunyu yalishaanza.

"Jirani, leo umeniletea nini?"

"Leo nimekuja mikono mitupu, shemeji. Jitegemee."

Wakaanza. Katikati ya shabaha ni alama tano, duara linalofuata ni nne, na kuendelea hivyo kwenda nje. Shemeji alipiga haraka haraka kama anachomelea, cheche tu zinaruka, na karibu zote zilikuwa tano. Shangazi alienda polepole. Hutazama bendera, hungoja, hunong'ona, hurudi. Mara moja nilimsikia akisema, "Saba... ah, nane? Samahani, hapa si kwangu," akahamisha bunduki kwa utulivu kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Risasi iliyofuata ilikuwa tano.

Ilipobaki risasi moja kwa kila mtu, shemeji alikuwa mbele kwa alama tatu. Yaani hata akipiga mbali na katikati, mradi risasi iguse karatasi mahali penye alama tatu, hesabu ya shangazi imekwisha. Nilishusha darubini. Mume wake hakushusha macho.

Hapo ndipo mvua ikaja kweli. Ilikuja ikitembea bondeni kutoka kwenye kilima, shabaha zikafifia nyuma yake. Bendera zikalowa, zikaning'inia kana kwamba upepo umekufa.

"Dakika mbili!" Sajini akatangaza.

Shemeji aliinua kichwa, akatazama bendera, akaona zimetulia. Akazungusha kijigurudumu, tak, tak, tak, akarudisha jicho, akafyatua.

Shabaha namba saba ikashuka.

Shangazi alikuwa bado hajagusa kifyatuo. Aliinua kichwa taratibu. "Saba yangu inakwenda wapi?" aliuliza, kama mtu anayeona kuku wake anavuka barabara.

Saba ikapanda. Kidude cheupe kilikuwa katikati, katikati kabisa, pazuri ajabu. Nane ilikuwa imesimama mvuani, haijaguswa na mtu.

Shangazi akanyoosha mkono. "Sajini! Mimi sijapiga. Risasi yangu hii hapa, ndani."

Sajini akaja, akaikagua bunduki, akainamia darubini kubwa. Kisha akageuka. "Nane," akasema. "Nane, wewe umepiga?"

Shemeji alitazama namba iliyo mbele ya bunduki yake. Aliitazama kama dereva anayeutazama mshale wa mafuta baada ya gari kuzima. Masikio yake yakabadilika rangi.

"Nimepiga," akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nane, sufuri!" Sajini akatangaza. "Saba, risasi hiyo haikuhusu. Piga yako."

Hesabu ikageuka palepale. Shangazi alihitaji nne tu, na nafasi ni yake. Alijilaza vizuri, akakaza mkanda mkononi, akaweka shavu kwenye kitako. Halafu, bila kugeuza kichwa, akasema kwa upole:

"Ahsante, jirani."

Mstari mzima ulivunjika mbavu. Mpigaji wa namba tano aliviringika mpaka nje ya mkeka wake. Shemeji mwenyewe aliinamisha uso kwenye mikono na mabega yake yakaanza kutikisika. Na ubaya ni kwamba shangazi naye alishikwa. Alijaribu kusema "Saba," ikatoka nusu. Akajaribu tena, akapiga kwikwi. Koti lile gumu lilikuwa linatetemeka kama mashine ya kufulia yenye mguu mbovu, na mdomo wa bunduki ulikuwa unachora duara hewani.

"Dakika moja!" Sajini akapaza sauti, naye akiwa ameuma mdomo.

"Siwezi," shangazi akalia kwa kicheko. "Jamani, siwezi! Mtoeni huyu shemeji hapa!"

Huwezi kupiga mita mia tisa ukiwa unacheka. Hata pumzi ya kawaida hupeleka risasi mlimani. Miaka yote ya benchi ilikuwa inamponyoka mbele ya macho yangu, na hakuna aliyejua la kufanya, maana kila aliyemtazama alicheka upya.

Mume wake akainuka. Akafunga mwavuli. Akasema, kwa sauti yake ya kupigia pasi:

"Mama. Mashuka ya hoteli tumeyaacha nje kwenye kamba."

Kicheko kilikatika kama umeme. Niliona mgongo wake ukinyooka. Kwa dobi, hakuna neno zito kuliko hilo mvua ikinyesha: ni mashuka mia, yameshafuliwa, na yanatakiwa asubuhi.

"Anafundishwa!" shemeji akapiga kelele, machozi bado mashavuni. "Sajini, hairuhusiwi kumfundisha mpigaji!"

"Hairuhusiwi kumwambia upepo," Sajini akasema. "Mashuka si upepo. Kimya huko!"

Shangazi hakumsikia yeyote. Alikuwa ameshakasirika, ile hasira yake ya kazi, tulivu, inayomwezesha kumaliza mlima wa nguo kabla ya chakula cha mchana. Alizitazama bendera zilizolowa. Nguo iliyolowa, alinieleza baadaye, hata upepo mzuri hauinyanyui; ukiiona inacheza ncha tu, ujue hewa inakwenda kasi. Ncha zilikuwa zinacheza. Akarudisha kijigurudumu, tak, tak, akapunguza kidogo, tak. Akavuta pumzi, akaitoa nusu.

"Saba," alisema. "Saba yangu."

Bunduki ikalia. Saba ikashuka, ikakaa huko chini handakini muda ambao mimi niliuona kama ndoa nzima. Ikapanda. Kidude cheupe kilikuwa juu kidogo, kulia kidogo, kimekaa ndani ya duara la pili.

"Nne!" Sajini akatangaza, na safari hii sauti yake ilifika mpaka barabarani.

Shangazi hakuruka. Goti lisingemruhusu. Aliinuka kwa hatua, magoti kwanza, kisha mkono mmoja, maji yanamchuruzika puani, akamwendea mume wake moja kwa moja.

"Tuwahi nyumbani. Mashuka."

"Yako kabatini," mume wake akasema. "Niliyakunja jana."

Alimtazama. Sisi wote tulimtazama. Yule bwana akafungua tena mwavuli, akauweka juu ya kichwa cha mkewe, akaendelea na ububu wake. Shangazi akampiga konzi begani, kisha akaegemea hapo hapo alipompiga.

Shemeji alikuja ametanua mikono. "Shemeji, nilikuletea zawadi ya katikati kabisa, ukaikataa mbele za watu."

"Nisamehe. Sipokei vitu vya jirani."

"Basi nimekuwa akiba mimi."

"Umekuwa akiba. Chupa za chai zipo mbili, ile kubwa inavuja mfunikoni, uishike wima."

Jioni, mvua ilipokatika, zilishushwa bendera zote zikapelekwa dukani zikiwa nzito za maji na matope. Nilisimama mlangoni karibu na pasi yenye joto, nikawatazama shangazi na shemeji yake uani, kila mmoja ameshika ncha ya bendera ya tatu, wanaikamua, shangazi anasokota kulia, shemeji anasokota kushoto, maji yanamwagika miguuni mwao.

"Hili pindo lako zito litolewe," shemeji alikuwa anasema. "Linatuchanganya."

"Litatolewa nikirudi kutoka taifa. Kaza mkono, jirani, unaniachia kazi peke yangu."

Akakaza. Nyuma yangu lile koti lilikuwa limeshatundikwa mlangoni, limelowa chapachapa, lina matope mpaka kwenye kola, na shangazi alikuwa amekataza mtu yeyote asilifue.