Siku Niliyobatizwa

Harufu ya nta ya mshumaa hunirudisha kwenye kanisa la nyasi la kijiji chetu cha ujamaa, upepo wa Ufipa ukipenya kila upande. Katekista alinitoa kwenye mstari wa ubatizo. "Mtoto wa haramu hapokewi." Nikaamini kwamba hata Mungu hanitaki.

Nje, Mama alinifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Mwanangu, aliyekuumba tumboni mwangu hakuuliza ndoa. Wewe ni wake. Rudi ukasimame."

Nikarudi. Katekista alipofoka, nikamjibu, "Mimi pia ni wa Mungu." Padri alisikia, akanimwagia maji kama wengine.

Niligeuka kumwita Mama. Alikuwa amesimama mlangoni, akitetemeka kwa baridi. Wakubwa wa kanisa walikuwa wamemkataza kuingia kwa kunizaa nje ya ndoa, naye aliwaamini.