Vipande ni vya Buchani

Kabla sijajipa cheo cha ufundi nilikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye steshenari ya chumba kimoja hapa Bariadi, kwenye barabara ambayo vumbi lake huifikia karatasi kabla ya wino. Nilichapa barua za maombi ya kazi, mihutasari ya vikundi vya akina mama, kadi za harusi na mitihani ya majaribio ya shule. Yote hayo yalifanywa na laptopu moja iliyokuwa imepita mikononi mwa watu wengi kabla yangu. Siku ilipoamua kufa, ilikufa katikati ya barua ya mwalimu aliyekuwa anaomba uhamisho. Mwalimu akavuka barabara, akaenda kuimalizia barua yake kwa jirani.

Jirani huyo ni mama wa makamo mwenye steshenari mkabala na yangu. Kompyuta yake ya mezani aliinunua dukani Mwanza, nyeusi, imefungwa tayari, haina mbwembwe hata moja. Siku alipofika nayo aliiweka mezani, akachomeka waya, akabonyeza, akaanza kazi. Nilimhurumia sana. Mtandaoni nilikuwa nimeshaelimishwa kwamba wenye akili hawanunui kompyuta iliyofungwa na mtu mwingine, wanaunda ya kwao. Vijana wa kwenye zile video, wenye meza safi na vyumba visivyojua vumbi, walikuwa wanaunda kompyuta nzima kwa muda wa kuchemsha chai, tena wanatabasamu. Walisema anayenunua iliyo tayari anaibiwa. Mimi nani hata nikubali kuibiwa?

Baba yangu anaishi Mwamapalala, analima pamba na mahindi, na anafuga. Aliposikia mashine yangu ya kazi imekufa hakuuliza maswali mengi. Alimswaga mmoja wa maksai wake wawili wa kulimia, akampeleka mnadani. Asiyefuga anaweza kudhani aliuza ng'ombe mmoja tu. Maksai wa plau hufundishwa pamoja, huyu anazoea kushoto na mwenzake kulia, wanajuana hatua, na ukimwondoa mmoja umebaki na mnyama mkubwa asiyejua la kufanya. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado alikuja na hela yote ndani ya mfuko wa koti, akanikabidhi.

"Hizo mashine mimi sizijui," akaniambia. "Lakini kununua najua. Nunua iliyosimama. Uione inatembea kwanza, ndipo utoe hela."

"Ndiyo, baba."

"Usije ukanunua vipande. Vipande ni vya buchani."

Nikasema ndiyo mara ya pili, kwa heshima zote, kisha nikaagiza vipande.

Vilikuja kwa basi kutoka Kariakoo, kila kimoja ndani ya boksi lake: mazabodi, prosesa, RAM, diski, pawa saplai, skrini, na kasha lenye ubavu wa kioo na feni tatu zinazowaka taa za rangi. Kasha ndilo nililolichagua kwanza, na kwa umakini kuliko vyote. Steshenari ya kuchapa barua za uhamisho isiyokuwa na taa za zambarau itafika wapi? Mazabodi ilikuja na kijitabu chake cha maelekezo. Nilikifunua kidogo, nikaona kimeandikwa kwa ajili ya watu wasiojua, nikakikunja na kukitia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikatulia. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya kwa usahihi siku ile.

Nilianza kuunganisha asubuhi, na kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nimemaliza. Zilibaki skrubu nne, nikaziona ni faida. Nikabonyeza. Feni zikazunguka, taa zikawaka zambarau, zikawa kijani, zikawa bluu, chumba kikawa kama ukumbi wa harusi. Kioo cha skrini kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa RAM, nikaifuta na shati, nikairudisha. Nikaifungua mashine yote, nikaiunda upya, nikarudia tena kesho yake, na kesho kutwa. Nikarudi mtandaoni kuwatazama walimu wangu, nao wakaendelea kutabasamu.

Jirani alikuwa anaona kila kitu kutoka barazani kwake. Siku ya nne alivuka akaja kusimama mlangoni.

"Hongera, fundi," akasema. "Taa zinawaka vizuri. Na barua inachapwa wapi?"

Nikamwambia iko kwenye hatua za mwisho. Akasema hata mgonjwa mahututi huwa yuko kwenye hatua za mwisho, akarudi kwake kuwahudumia wateja wangu.

Baba alipopiga simu kuuliza kama nimenunua, nilimjibu nimenunua. Alipouliza kama imesimama, nilimjibu imesimama, inatembea, wala haina shida. Nilisema hivyo huku naitazama ikiwaka rangi zake mbele yangu. Nilidhani nitaitengeneza kabla hajapata sababu ya kuja mjini. Wiki mbili zikapita. Ijumaa akapiga tena, akasema, "Kesho nakuja kuiona."

Kwa mtu mzima, mwenye biashara na kitambulisho cha mlipa kodi, kuna njia nyingi za kumwambia baba yake ukweli. Nilizipitia zote moja moja, nikazikataa, kisha nikavuka barabara kuazima kompyuta.

Nilimweleza jirani kila kitu, pamoja na habari ya maksai. Alicheka kwanza, kisha nilipofikia kwenye maksai akaacha kucheka.

"Saa moja tu," akasema. "Na usiiguse ndani, fundi."

Ile ya kwangu niliificha nyuma, nikaifunika khanga na maboksi ya karatasi. Ile nyeusi nikaiweka mezani. Ilipowaka, iliwaka kimyakimya, kioo kikaja, kila kitu mahali pake. Nikaichukia.

Baba alifika saa nne asubuhi akiwa amevaa koti lake la mnadani, kiroba begani. Tukasalimiana mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, nikampokea kiroba, kilikuwa kizito kuliko kawaida yake ya kuniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Akataka kuiona kabla hata ya kukaa. Akaizunguka meza. Akaangalia nyuma kwenye matundu ya nyaya, akaangalia chini, akaweka kiganja juu yake, akakiacha pale muda mrefu.

"Ina joto," akasema. "Ni nzima. Sasa itembee."

Nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, nikalichapa kwenye karatasi, nikampa. Aliishika kwa mikono miwili. Jina lake lilikuwa limeshachapwa kwenye kadi ya mpiga kura na kwenye vitabu vya chama cha ushirika, lakini huko kote lilikuwa dogo na lina namba mbele yake. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko uleule wa koti uliobeba hela ya maksai wake. Hapo niliona aibu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tulikuwa wawili tu, wala hakuna aliyenizuia. Badala yake nikasema, "Baba, ngoja nikakuletee soda."

Duka la karibu lilikuwa na soda za moto. Nikaenda la pili, nikasubiri chenji, nikarudi polepole maana sikuwa na haraka ya kukaa mbele ya mzee yule. Nilipokaribia nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikadhani umeme umeleta mambo yake. Nikakimbia, soda mkononi.

Kwetu, ng'ombe asiye na chapa ni ng'ombe wa yeyote. Kila ukoo una alama yake, na mzee mwenye zizi ana chuma chake cha kupigia alama hiyo. Chapa ya baba ni nusu duara yenye mstari chini. Ng'ombe wake wote wanayo kwenye paja, na kila kinachopatikana kwa ng'ombe wake hukihesabu kuwa ndama wa zizi. Plau ina chapa hiyo. Baiskeli yake ina chapa kwenye tandiko. Ndani ya kile kiroba, chini ya michembe, alikuwa amebeba kile chuma. Niliporudi alikuwa ameshakitia kwenye jiko la mama anayekaanga chapati mlango wa pili, kimeiva, na anakikandamiza usoni pa kompyuta ya jirani yangu, kwa utulivu wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote.

Moshi ukapanda. Akakiondoa chuma, akapuliza. Nusu duara, na mstari chini, imezama hasa.

"Haikulia," akasema, akiistaajabia. "Imevumilia. Hii ni mashine."

Nikaiweka soda mezani.

"Maksai hazai, ng'wanone," akaendelea, akiniita mwanawe kwa Kisukuma, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Lakini wa kwangu kazaa. Huyu hapa. Sasa na wewe una zizi lako."

Neno hilo, kwamba una zizi lako, nilikuwa nimelisubiri miaka. Kaka zangu waliambiwa wakiwa bado vijana, walipogawiwa ng'ombe. Mimi niliyekwenda mjini kukaa na makaratasi sikuwahi kuambiwa, nikajifanya halinihusu. Sasa nimeambiwa, mbele ya mali ya mtu.

Mwenye mali naye akaingia, maana moshi alikuwa ameuona kutoka kwake. Alisimama mlangoni akaitazama kompyuta yake. Akanitazama mimi. Nilianza kutunga maelezo, na sijawahi kutunga kitu kibaya vile.

"Mwangaluka, mayu," baba akamwamkia, akimwita mama, chuma bado mkononi. "Njoo uone mashine ya mwanangu. Nilimwambia nunua iliyosimama, akanisikia."

Yule mama akakitazama chuma, kisha akautazama uso wa baba.

"Mwangaluka, baba," akasema. "Ni nzuri sana. Hongereni."

Akageuka akatoka. Baba akanywa soda yake, akawasifu majirani wenye adabu, na saa sita akaondoka zake.

Nilivuka barabara nikiwa nimejiandaa kwa matusi yote ya Kisukuma na ya Kiswahili. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Ile yako ilikuja na kijitabu?" Nikasema ilikuja nacho. "Kiko wapi?" Nikasema kiko chini ya mguu wa meza. Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekula noti. Tukaenda. Nikanyanyua meza, akakichukua, akakikung'uta, akavaa miwani na kukisoma ukurasa baada ya ukurasa, akiwa amekaa juu ya boksi la karatasi zangu. Ilimchukua kama robo saa. Kisha akafungua ule ubavu wa kioo, akatafuta kwenye fungu la nyaya nililokuwa nimelifunga kwa ustadi ili lisiharibu sura, akatoa waya mmoja mfupi, akauchomeka kwenye tundu lililokuwa karibu na prosesa, mahali ambapo wiki mbili nzima sikuwahi kupatazama.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza. Feni, taa, na kioo kikaja. Kilikuja haraka kuliko cha kwake, kinang'aa, kizuri jamani. Wale vijana wa mtandaoni hawakuwa wamedanganya. Ukiunda mwenyewe, ukaunda sawasawa, unapata mashine ambayo duka la Mwanza halitakuuzia. Nilikuwa nimeunda kitu kizuri kweli, kimekosa waya mmoja tu na mtu wa kusoma.

"Nimeipenda," akasema jirani. "Naichukua hii. Wewe baki na ng'ombe wa baba yako."

Ningesema nini? Nilimsaidia hata kuibeba.

Sasa hivi ukipita barabara yetu utaiona dirishani kwake, inawaka zambarau na kijani, na wateja wanaipenda. Anasema haijawahi kumsumbua hata siku moja. Mimi nina ile nyeusi, isiyo na haraka, yenye nusu duara na mstari usoni. Watu wakiniuliza iliunguzwa na nini, nawaambia ni nembo ya kampuni.

Baba alikuja tena baada ya msimu wa kulima. Alikuwa amekonda kidogo. Alikuwa amemfunga maksai aliyebaki na jike ambalo halijazoea nira, na matuta ya pamba, alisema, yalipinda kiasi kwamba watu walikuwa wanapita kuyacheka. Alilisema hilo bila kinyongo. Akaipapasa chapa kwa kidole gumba.

"Haijaugua?"

"Haijaugua, baba."

"Unaona. Ningekuacha, ungenunua vipande." Akachungulia nje ya mlango kuelekea ng'ambo ya barabara, akatikisa kichwa. "Yule mayu mwenzako naye amebadilisha. Ile yake ya sasa taa nyingi, inaonekana ya kuungaunga. Amenisikitisha, ni mtu mwema. Akitaka kununua tena mwambie aje akuulize wewe kwanza."

Nikamwambia nitamwambia.

Akakaa, akapokea soda, akainywa nusu kabla ya kusema tena.

"Yule aliyebaki, tukifika katikati ya shamba anasimama. Anageuza kichwa upande wa kulia, anamtafuta mwenzake. Simchapi." Alicheka kidogo. "Namwambia twende, mzee. Mwenzako yuko Bariadi, anaandika."