Kidude cha Kunusa Tochi

Kaka yangu aliingia kwangu Nshambya bila hata kupiga hodi ya maana, boksi kwapani, akasogeza birika la chai na sahani ya viazi vitamu, akaliweka boksi lake katikati ya meza. "Mdogo wangu," akasema, "habari ya tochi tumeimaliza. Kwetu basi."

Kwa asiyeendesha gari, tochi ni ile mashine ya trafiki ya kupima mwendo. Mwenye tochi anakaa nyuma ya migomba, anakulenga ukiwa bado mbali, picha ya gari lako inatumwa kwa mwenzake aliye mbele, na huyo mwenzake anakunyooshea mkono usimame pembeni. Hapo huna la kujitetea. Kaka yangu anasambaza vipuri vya pikipiki kati ya Bukoba na Muleba, na alikuwa amesimamishwa mara nyingi mpaka trafiki wakawa wanamuulizia habari za watoto. Mtu mwingine angepunguza mwendo. Yeye alitafuta mtu wa kumletea kidude kutoka ng'ambo.

Kidude chenyewe kilikuwa kidogo, kinatosha kwenye kiganja, na kinabandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari. Kazi yake ni kunusa mawimbi ya tochi na kulia kabla hujakaribia. Alitaka mimi nikijaribu kwanza, kwa sababu mimi dada yake ni mwalimu wa fizikia, na kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa naendesha kigari changu kwenda Muleba kumwona Mae, mama yetu. Nilikataa. Akaniachia hapohapo mezani akaondoka, maana ndivyo anavyoomba mambo.

Basi nikakijaribu, tena kwa makini, nikijua atakuja kubishana. Kilinitia hasira kabla sijatoka mjini. Kililia mbele ya benki, kwa sababu mlango wa kioo unaojifungua wenyewe nao unatoa mawimbi. Kililia kila nilipopishana na magari mapya ya miradi, yale yenye vifaa vya kuzuia kugongana. Kililia Kemondo mahali pasipo na mtu wala mbuzi. Muhutwe, palipokuwa na trafiki kweli na tochi kweli, kilikaa kimya mpaka nilipokwisha kulengwa, ndipo kikapiga kelele kwa kujiamini kabisa. Bahati nilikuwa naenda hamsini, trafiki akanipungia mkono tu.

Nilimweleza kaka yangu kilichotokea. Tochi nyingi za siku hizi hazitumii mawimbi yale ya zamani, zinatumia mwanga. Mwenye tochi haachi mwanga ule ukimwagika barabarani siku nzima. Anabonyeza pale anapokulenga wewe. Kidude kinapousikia, umeshapigwa. Kwa hiyo kikiwa kimya, usidhani hakuna mtu. Nilimchorea kabisa kwenye karatasi, gari hapa, trafiki pale. Nikamwambia pia kwamba sifa pekee ya kidude chake ni ubovu, kwa kuwa kinalia ovyo mpaka dereva anaogopa na kwenda polepole safari nzima.

Alinisikiliza huku anaangalia simu. "Nyinyi walimu mnakatisha tamaa," akasema. "Nitaagiza kilicho bora."

Hapa nieleze habari ya Mae, maana bila yeye haya yote yangekuwa kichekesho tu.

Nyumba yetu ipo kando ya barabara ya lami, kwenye kona. Kibanja chote, yaani migomba na kahawa pamoja na nyumba, kiko upande mmoja. Shule ya msingi na kanisa letu la Kilutheri viko upande wa pili. Barabara ilipowekwa lami tulishangilia sana. Halafu magari yakaanza kuja kwenye ile kona kwa kasi ambayo mtoto hawezi kuikadiria. Mtoto wa jirani aligongwa akitoka shule, akavunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Tuliomba matuta. Walikuja watu wenye viatu safi, wakapima, wakatingisha vichwa kwa huzuni, wakaondoka. Tukaomba tena, na hawakuja hata kutingisha vichwa.

Mae alichukua shati jeupe la marehemu baba, lile la Jumapili, akalijaza majani makavu ya mgomba, akalivisha kwenye mti uliosimikwa ukingoni mwa kibanja. Juu yake akafunika kikopo cheupe cha rangi. Ukiwa karibu ni kichekesho. Ukiwa mbali, unakuja kwa kasi, unaona shati jeupe na kofia nyeupe, sare ya trafiki, vikichungulia kwenye migomba, na mguu unaachia mafuta wenyewe. Na kwa kuwa madereva wetu wana tabia ya kupigiana taa kuonyana kuhusu trafiki, anayetoka Bukoba alimwashia taa anayetoka Muleba, na magari ya pande zote mbili yakawa yanaingia kwenye kona yetu taratibu na kwa adabu. Mae hakuliacha shati nje siku nzima, kwa kuwa madereva wangelizoea. Alilitoa watoto wanapokwenda shule, wanaporudi, na Jumapili asubuhi. Tena alilihamisha, mara upande huu wa kona, mara upande ule.

Mti wa kulisimika aliukata kaka yangu mwenyewe. Nataka hilo lieleweke vizuri. Alishika panga kwa mkono wake, akauchonga ncha, akachimba shimo, huku anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Kidude cha pili kilikuja. Hiki kilikuwa kizuri kweli, siwezi kukisingizia. Kilijua kutofautisha mlango wa benki na tochi. Magari ya miradi hakikuyajali. Kilikaa kimya kilomita kwa kilomita, kisha kikalia mara moja, na kweli, mbele kulikuwa na trafiki. Kaka yangu alikisifu kupita alivyowahi kumsifu mke wake. Akaacha kuwajibu wenzake waliompigia taa. "Wanababaisha tu," alisema. "Mimi naambiwa na mashine." Nikamkumbusha kuhusu ule mwanga, kwamba kimya chake si ruhusa. Akaniambia fizikia yangu imepitwa na wakati.

Jumapili ya sikukuu ya mavuno kigari changu kilikuwa kwa fundi, nikapanda gari lake. Nilikaa mbele, kidude machoni pangu, kimya. Alikimbia tangu Kyetema. Nilimwambia apunguze, akaongeza sauti ya redio. Nilimwambia tena, akasema tutachelewa ibada na Mae atanuna. Alikuwa amefurahi, anapiga usukani kwa vidole, na kimya cha kile kidude kikamzidishia furaha.

Tulipokaribia nyumbani niliona shati. Basi dogo lililotoka mbele lilituwashia taa, mara mbili, vizuri kabisa.

"Kaka, punguza."

"Kuna nini? Sikiliza, kimya. Ni lile lishati la Mae."

"Punguza, tunaingia kwenye kona!"

Alicheka. Nakilaani kile kicheko mpaka leo. Tukaingia kwenye kona na Mae alikuwa katikati ya barabara, amevaa kitenge chake kipya, kapu la mavuno kichwani, anatembea bila haraka kama alivyozoea kuvuka kila Jumapili shati likiwa nje. Kaka yangu alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari lilikwenda upande, likamkosa kwa mbele na likampiga kwa ubavu wa nyuma, akarushwa hadi kwenye mtaro. Vitoke, ndizi zetu za kupika, na maparachichi vilisambaa lami nzima. Kanisani walikuwa wameshaanza wimbo wa kwanza.

Niliruka nje nikateremka mtaroni. Mae alikuwa macho wazi, amejishika nyonga, ananiita kwa jina la utotoni. Kaka yangu alisimama juu ukingoni, na neno lake la kwanza, naapa mbele ya Mungu, halikuwa Mae. Alisema, "Hakikulia. Umesikia mwenyewe, hakikulia."

Nilipanda nikamzaba kofi. Mimi, mwalimu, mzee wa kanisa mtarajiwa, nilimzaba kaka yangu kofi mbele ya usharika mzima uliokuwa unatoka mbio kanisani, na kama wasingenishika ningemzaba la pili.

Nyonga ya Mae ilikuwa imevunjika. Alifanyiwa upasuaji, akalala wodini wiki nyingi, na kaka yangu aligharimia kila kitu bila kuulizwa, lakini kuingia wodini hakuweza. Alikuwa anafika mpaka kwenye benchi la nje, anakaa, anatuma matunda kwa mkono wangu. Mae alipoyapokea alisema "wakola," asante ya kwetu, na hakuuliza yametoka wapi.

Ndugu walikutana nyumbani, kama ilivyo desturi yetu jambo likiharibika. Nilikwenda nikidhani atakemewa. Badala yake walimpa pole! Wakasema ajali ni ajali. Wakasema ni ibilisi. Baba mdogo wetu mmoja, mtu wa heshima zake, akasafisha koo akasema kwamba tukitaka kuwa wakweli, kosa ni lile shati. Linawadanganya madereva, na mama mwenyewe alikuwa amejidanganya kwalo. Vichwa vikatikisika kukubali. Kaka yangu aliinama anaangalia zulia.

"Waitu, baba mdogo," nikasema, nikijitahidi kushika adabu, "shati halikumdanganya mtu. Huyu alijua ni shati. Ndiyo maana hakupunguza."

"Kaa chini, binti yangu."

"Nimekaa siku zote. Leo nasimama. Wote waliodanganywa na lile shati, hakuna aliyemgonga mtu. Amegonga huyu aliyejua."

Waliniambia nina hasira. Ni kweli, ninayo, na sioni sababu ya kuiondoa. Kikao kiliamua shati ling'olewe, na waliling'oa siku hiyohiyo kabla ya kula. Matuta hawakuyazungumzia. Watoto wa shule sasa wanavuka kwa kukimbia, wakishikana mikono.

Muhula uliofuata, mwalimu mwenzangu mmoja alinivuta pembeni ofisini. Alikuwa amesikia nimewahi kuvijaribu vile vidude, na mumewe alitaka kununua. Je, kinafanya kazi? Nilimwambia kinafanya kazi vizuri sana. Kilituambia hakuna tochi, na tochi haikuwepo. Alinishukuru akaenda kumpigia mumewe simu, na mimi nikaingia darasani nikaandika ubaoni kwa hasira mpaka chaki ikanivunjikia mkononi.

Mae alirudishwa nyumbani mvua zilipoanza. Anatembea na fremu ya chuma, hatua ndogondogo, kutoka kitandani hadi barazani. Barabara havuki tena. Jumapili anawekwa kwenye kiti barazani na anaimba na wenzake walioko ng'ambo ya lami, akichelewa kidogo nyuma yao kwa sababu sauti inamfikia kwa upepo.

Nilikuwepo siku kaka yangu alipopata moyo wa kuingia. Alikuja kwa miguu kutoka stendi. Gari alikuwa ameliuza. Alipiga magoti mlangoni, mtu mzima yule mwenye mvi, akasalimia kwa Kihaya kama tulivyofundishwa utotoni. Mae alimwitikia. Alimwuliza habari za wajukuu, za mke, za kazi. Kaka alijibu kila kitu, na nikaona mabega yake yanaanza kulegea, anaona kumbe ameshasamehewa. Akaanza kusema kwamba kile kidude amekitupa, kwamba kilikuwa kimemdanganya.

"Mwana wange," Mae akamkatisha, kwa upole kabisa. "Shati uliliona?"

"Niliona, Mae."

"Ukajua ni la nani?"

"Nilijua."

"Na ukajua huwa nalitoa saa ngapi."

Kaka aliweka mikono usoni, akalia kwa sauti, na mimi niliyetamani kwa miezi kumwona analia sikupata raha yoyote. Mae alimwangalia muda mrefu. Kisha akaniambia nimwandalie kaka yangu chakula, ametoka mbali, na akaniomba nikigeuze kiti alichokalia yeye, kielekee ukutani.