Kiti cha Kushika Bladda

Juzi wasichana wawili wa jirani walinigongea mlango hapa Kiamunyi, mlango ambao tangu nistaafu siufungui sana. “Shosho, tushikie bladda,” wakasema, kama kwa bibi yao, wakininyooshea ile kamba ya mpira ya kuruka.

Papo hapo nikasikia harufu ya mafuta taa ya jikoni kwetu utotoni, mtaa wa Section 58. Mimi na dada yangu tulikuwa wawili tu, kwa hivyo bladda tuliizungusha kwenye miguu ya kiti, mahali pa mtu wa tatu. Alasiri moja Mama akaja akakichukua, akakikalia jikoni, na vingine vinne vikiwa tupu sebuleni.

“Mwende mkamwombe Mama Atieno asimame,” akasema.

Jirani huyo alikuwa hajatoka nyumbani tangu amzike mumewe, na miguu ilikuwa imemvimba. Alisimama akinuka dawa ya kuchua, akilalamika, nami nikamwonea huruma: mtu mzima kufanywa kiti! Sikuelewa kwa nini kesho yake alikuja mwenyewe, akauliza, “Kwani leo hamruki?” Nilijua tu kwamba Mama alikuwa mchoyo wa viti.

Juzi nikawauliza wale wasichana, “Kiti chenu kiko wapi?”

“Mathe amekikalia,” wakasema kumhusu mama yao.

Nikatafuta viatu vyangu.