Miaka Kumi na Mitano kwa Jina la Mdogo Wangu

Nilicheza mpira wa kulipwa miaka kumi na mitano, namba mbili, beki wa kulia. Ukiniuliza leo nakumbuka nini, nitakwambia nakumbuka kukaa. Kukaa kwenye basi la timu kutoka Mwanza hadi Mbeya, kukaa benchi, kukaa na miguu ndani ya ndoo ya barafu nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Dakika tisini za uwanjani ni chache mno ukizilinganisha na hizo nyingine. Watu wa mjini walionipungia mkono walidhani nimeyapatia maisha. Mimi nilikuwa nawaza goti.

Tena jina walilokuwa wakiliita wakinipungia halikuwa langu. Lilikuwa la mdogo wangu.

Katika mpira wetu mchezaji anaweza kuwa na umri wa aina mbili: umri wa kuzaliwa na umri wa mpira. Hatukufundishwa darasani, lakini kila aliyevaa njumu anajua. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nacheza kwenye uwanja wa vumbi Buswelu, katibu wa timu moja ya mjini alipokuja kututazama. Alipenda ninavyokaba. Akaniuliza umri, nikamtajia, akatikisa kichwa. Alikuwa anatafuta vijana wasiozidi miaka kumi na saba kwa ajili ya mashindano.

"Huna mdogo wako mwenye cheti?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti.

Nilikuwa naye. Wazazi wetu walihamia Mwanza kutoka Kagera, nasi tulizaliwa wawili tu. Mimi nilizaliwa kijijini, nyumbani, na karatasi pekee iliyonijua ilikuwa daftari la parokia. Mdogo wangu alizaliwa hospitali miaka sita baadaye, akapata cheti cha kuzaliwa ambacho mama alikitunza ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro. Nilikiomba. Nilisema ni kwa mashindano hayo tu, baada ya miezi mitatu nitakirudisha. Mdogo wangu hakusita hata kidogo. Alifurahi kwamba jina lake litaonekana kwenye orodha ya wachezaji.

Sikukirudisha. Nilicheza vizuri, nikapandishwa timu ya wakubwa, na mkataba wangu wa kwanza ukaandikwa kwa jina lile. Leseni ya mchezaji, jina lile. Akaunti ya benki, jina lile. Ulipofika uandikishaji wa kitambulisho cha taifa tulikwenda wachezaji wote pamoja, nikaweka vidole vyangu kwenye mashine chini ya jina la mdogo wangu. Siku hiyo niliogopa kukamatwa. Kesho yake tulikuwa na mechi, nikasahau.

Kilichoanza kunichosha si mbio, ni heshima. Kwenye karatasi mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, basi nikawa "dogo". Dogo beba mipira. Dogo kaa siti ya nyuma. Nahodha nilikuwa nimemzidi mwaka mzima, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku anafunga kamba za viatu. Msimu wa kwanza nilicheka moyoni. Msimu wa tatu nikawa nachelewa makusudi mazoezini ili nimkute ameshaanza kukimbia, nisimwamkie. Nilikatwa posho kwa uchelewaji na sikuweza kumweleza mtu sababu.

Nyumbani mama alisikiliza mechi zetu redioni huku anamenya ndizi na mdogo wangu. Mtangazaji akipaza sauti kwamba fulani amepanda upande wa kulia, fulani anapiga krosi, mama aligeuka kwanza kumtazama huyo fulani aliyekaa karibu yake na kisu mkononi. Ndipo akakumbuka. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia hayo, anacheka mpaka machozi. Mimi nilijilazimisha kucheka. Wazazi wote wawili wameshatangulia sasa, na sikuwahi kumuuliza mama kama jambo lile lilimuuma.

Mwishoni mwili ulianza kunisaliti hadharani. Karatasi ilisema thelathini na mbili, mwili ulisema thelathini na minane, na mawinga wa siku hizi hawasomi karatasi. Kocha alinivuta pembeni akaniuliza kama nakunywa. Daktari wa timu alilikunja goti langu, akalinyoosha, akalikunja tena, kisha akasema goti hili si la mtu wa umri huu. Nikamwambia kwetu tunazeeka mapema. Akaandika dawa ya kuchua.

Lakini sikuwa nimekosa pa kwenda. Uongozi uliniahidi kazi ya kufundisha timu ya vijana. Nilikuwa nimesoma kozi ya ukocha, nina cheti, na nilichokitaka duniani kilikuwa hicho tu: kubaki uwanjani bila kukimbia. Nilitakiwa kuanza mwanzoni mwa mwezi.

Wiki mbili kabla, mdogo wangu alivuka na kivuko cha asubuhi kutoka Sengerema, alikooa na anakolima mihogo na pamba. Hakunitaarifu. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba niliyopanga, ameshika bahasha.

"Shikamoo kaka," alisema. Yeye hajawahi kuacha kuniamkia.

Kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa kimempa kazi ya mtunza ghala, kazi ya kudumu, ya kwanza maishani mwake. Walitaka kitambulisho cha taifa. Alikwenda kujiandikisha akaambiwa mtu wa jina hilo, mwenye tarehe hiyo ya kuzaliwa na wazazi hao, alishaandikishwa zamani, na vidole vilivyomo si vyake. Kiwanda kilimpa siku kumi.

"Kaka, nahitaji jina langu," alisema.

Nilipandwa na hasira, na mpaka leo naona aibu nikiikumbuka. Nilimwambia hajui mpira, hajui nilivyoteseka, angalau asubiri msimu mmoja.

"Nimesubiri misimu kumi na mitano," alijibu taratibu, bila kunyanyua sauti. Kisha akauliza kama kuna chai.

Tulikunywa chai. Niliiangalia mikono yake. Ilikuwa mikono ya mtu aliyefanya vibarua visivyouliza kitambulisho, na vibarua visivyouliza kitambulisho ni vile vya kubeba. Nilikuwa na kozi, cheti na leseni. Yeye alikuwa na bahasha.

Kesho yake nilikwenda klabuni kumwona katibu. Yule wa zamani alishaondoka, huyu ni kijana wa suti. Nilimweleza yote. Aliinuka akaenda kufunga mlango.

"Mbona unajichongea, mzee?" Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa mzee mle ndani. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mdogo wako atapata kazi nyingine."

"Na mimi?"

"Wewe ukilitoa hilo jina, cheti cha ukocha si chako. Kazi nitampa nani?"

Nilimwambia ampe mwenye cheti. Hakucheka, na mimi pia sikucheka. Nilitoa mfukoni ufunguo wa stoo ya vifaa, niliokuwa nimeshakabidhiwa kwa kazi hiyo, nikauacha mezani kwake.

Tulikula kiapo kwa wakili, tukachukua barua ya mwenyekiti wa mtaa na nyingine ya parokia, kisha tukapanga foleni ofisi ya vitambulisho kuanzia saa moja asubuhi. Zamu yetu ilipofika, tulipokewa na binti mmoja mwenye miwani, mstaarabu. Alisoma kiapo mara mbili.

"Hili ni kosa, kaka zangu. Mnajua?"

Tukasema tunajua. Alikwenda kwa mkubwa wake, akakaa huko muda mrefu, akarudi na fomu mbili. Alianza na yangu, ili vidole vyangu vitoke kwanza kwenye jina la mwenzangu.

"Shahidi wa damu ni nani?"

"Huyu," nikasema. "Hakuna mwingine."

Akamgeukia mdogo wangu. "Unamfahamu huyu?"

"Tangu nilipopata akili."

"Ni nani yako?"

"Kaka yangu. Mimi ndiye mdogo."

Binti akaandika. Nilitaka kulia, nikajikaza. Miaka yote ile hakuna karatasi iliyowahi kuniandika mimi kuwa mkubwa.

"Kazi yako?" akaniuliza.

Mtu mwenye jina langu hajawahi kusaini mkataba wala kupewa kadi ya njano. Hakuna timu inayomjua. Ningesema mchezaji, angeniuliza wapi, na kiapo kilikuwa pale mbele yake.

"Mkulima," nikasema. Sijawahi kulima hata tuta la viazi.

Akaandika mkulima. Nikaweka vidole, nikapigwa picha, akaniambia nisogee. Mdogo wangu akakaa kwenye kiti, akaweka vidole vyake kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa, akabonyeza kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Kisha binti akamgeuzia kompyuta ahakiki taarifa zake.

"Jina sahihi? Tarehe sahihi? Wazazi?"

"Sahihi. Sahihi."

"Kazi hapa inasomeka mchezaji wa mpira. Nibadilishe?"

Mdogo wangu, ambaye hawezi kupiga danadana tatu, alinigeukia kama anayeomba ruhusa.

"Iache," nilimwambia. "Jina lako limecheza miaka kumi na mitano."