Grafu ya Neema Ilivyogoma Nkoaranga

Leo nimemliza mdogo wangu mbele ya wazee.

Mnamjua Neema, yule msomi wetu. Mwaka mzima amepima maji ya chemchemi yetu kule mlimani Nkoaranga, kila asubuhi, aonyeshe jinsi mikaratusi inavyoyamaliza. Leo wazee walikuwa wanaamua: miti ikatwe au ibaki.

Yeye alitaka programu ya kompyuta inayochora grafu ya kawaida tu, aichapishe kwenye karatasi.

Nikamwambia, "Karatasi? Na kaka yako nimefika mpaka Dubai? Chagua ile ya kugusa! Mzee anagusa nukta kwenye skrini, inamwambia tarehe na maji yalikuwa kiasi gani!"

(Shule niliishia Form Two, ila kwa ushauri nina digrii tatu.)

Nyumbani Elerai, kwenye mtandao, ilifunguka safi kabisa.

Kule juu hakuna mtandao. Kumbe grafu yenyewe haichoreki bila mtandao!

Ukurasa mweupe. Neema anabofya, anabofya tena, machozi yanamtoka.

"Subirini kidogo wazee wangu..."

Mwenye mikaratusi akasema, "Binti, hayo ndiyo maji uliyopima mwaka mzima?"

Watu wakacheka. Wakapiga kura. Miti inabaki.

Tukashuka. Njiani nikamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu."

Akafuta machozi. "Usijali, kaka. Mimi ndiye niliyekusikiliza."

Jamani, bora angenitukana.

Nitukaneni nyinyi basi, hapo kwenye komenti. Yeye amekataa.