Muuza Vyungu wa Mji wa Kale

Ukiingia mtaa wa wauza sufuria, utamsikia Tarumbeta kabla hujamwona. Jina hilo alipewa na wateja, naye hakulikataa. Aliyelikataa ni mumewe, na yeye hakuulizwa. Miaka kumi na tisa sasa anagonga sufuria kwa kijiko ili mnunuzi asikie mwenyewe kwamba halina ufa, huku mdomo nao ukifanya kazi yake.

Mdomo huo ndio uliomfikisha studio. Palikuwa na mchezo wa kompyuta unatengenezwa, wa vita vya miji ya kale, na wenyewe walitaka sauti ya mama muuza vyungu. Binti yake, mgonjwa wa michezo hiyo, alishatangaza shule nzima.

Wakamwingiza kwenye chumba kilichobandikwa sponji kuta zote, wakampa karatasi yenye mstari mmoja: "Kichukue, ewe shujaa. Mimi ni mwanamke tu, sijui mengi."

Tarumbeta akausoma mara mbili.

"Mwanangu," akamwambia mwandishi, kijana mpole wa miwani, "huyu mama anauza au anagawa sadaka?"

"Mama, wanawake wa kale hawakuwa wasemaji."

"Nani alikwenda kuwasikiliza?"

Kijana akajibu kwamba kama hawezi kusoma kilichoandikwa, wapo wengine. Hapo utani ukamwisha Tarumbeta. Kazi aliitaka, tena sana. Lakini binti yake angesikia "sijui mengi" kwa sauti ya mama yake mzazi, na hilo lilimuuma.

"Nitasoma neno lako," akasema, "kisha usikilize langu. Uchague mwenyewe."

La kwanza alilisoma kama mtu mwenye homa. La pili akalisema kama asemavyo kila siku mezani kwake: "Shika, baba, kushika si kununua. Gonga usikie. Hiyo bei umetoka nayo kwenu au umeiokota njiani? Haya, nenda kapigane. Ukirudi mzima tutaongea."

Fundi mitambo alicheka hadi ikabidi warekodi upya.

Baada ya mwezi mwandishi akapiga simu, sauti imemnyong'onyea.

"Mama, tumewapa watu mchezo waujaribu. Hawaendi vitani."

"Wako wapi?"

"Mezani kwako. Wanabishana bei."

Tarumbeta alikalia sufuria kubwa lililofunikwa, akanyamaza kwa furaha. Majirani wakageuka kumtazama kama anaumwa.

"Na malkia wa mji huo," akauliza hatimaye, "umempa maneno mangapi?"

Mwandishi akakohoa. "Yeye analia tu, mama."

"Nafunga biashara," akasema Tarumbeta. "Nakuja."